Kushusha Injini Chini ya Mwembe



Mara nyingi twasoma katika kurasa hizi habari za kilimo, za shule na za malezi ya watoto. Leo twaomba ruhusa kusimulia habari ya chuma, yaani jinsi tulivyoishusha injini ya gari nyumbani kwetu, tukaifungua yote, kisha tukaifunga upya. Hatuisimulii ili tusifiwe; mtakapofika mwisho mtaona ya kuwa sehemu iliyo kubwa si ya sifa. Twaisimulia kwa sababu tulijifunza jambo moja ambalo miaka yetu yote ya kufundisha haikuwa imetufundisha.

Sisi tu ndugu wawili, walimu sote wa shule ya msingi, nasi twakaa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kati ya Mbamba Bay na Liuli. Nchi hii ya ufukoni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hata mwaka 2012, ilipofanywa wilaya ya peke yake, Wilaya ya Nyasa. Walakini biashara yetu na ndugu zetu wa milimani ni ile ile ya zamani. Sisi twawapelekea usipa na mbasa, nao hutupatia maharage na mahindi, na kahawa yao ndiyo iletayo fedha. Kati yetu na wao ipo milima mikali, na mtu asiye na chombo huijua kwa magoti yake.

Baba yetu alikuwa na gari aina ya Land Rover, lile refu la zamani, lenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286. Alilinunua likiwa kuukuu tayari. Kwa karatasi lilikuwa gari la baba, lakini kwa kazi lilikuwa gari la kijiji. Lilipanda Mbinga na usipa, likarudi na unga; lilichukua maharusi, na wagonjwa, na maiti. Baba alipofariki mwaka 2011 tukalirithi, na mwaka uliofuata likaanza kuugua. Lilitoa moshi wa buluu nyuma, likanywa oili kama linavyokunywa petroli, likashindwa vilima ambavyo zamani lilivipanda likiimba. Mwisho ikasikika sauti tumboni mwake, ngo, ngo, ngo, kama mtu abishaye mlango asiofunguliwa. Tukaliegesha chini ya mwembe, na kuku wakapata mahali pa kutagia.

Mwaka 2013 akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, akalizunguka gari, akataja bei yake kwa kilo. Sisi tulikuwa karibu kukubali. Mama alikuwa akipepeta mchele, hakuinua uso, alisema tu, "Baba yenu hakuacha vyuma, aliacha gari." Mnunuzi akaenda zake.

Tulipouliza mjini gharama ya kutengeneza injini tukatajiwa fedha ambazo mishahara yetu miwili isingeziweza. Ndipo tukaazimu kuifanya kazi wenyewe, nyumbani, katika likizo ya Juni mwaka 2014. Kitabu cha gari tulikuwa nacho, kimeandikwa kwa Kiingereza. Tena yuko jirani yetu mzee, aliyekuwa fundi wa malori katika ujana wake. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho, asiweze kuona hata skrubu iliyo mkononi mwake. Tulipomwendea akacheka, akasema, "Vema, wanangu. Mimi nitakuwa kichwa na vidole, ninyi mtakuwa macho."

Wako waliotudhihaki, wakisema kwamba injini haifunguliwi chini ya mti. Tukawakumbusha mambo yaliyotendeka katika ziwa hili hili. Meli ya misheni iliyoitwa Chauncy Maples iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikaletwa kwa vipande 3,481, kwa kuwa mto Shire una maporomoko yasiyopitika. Birika lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11, lilikokotwa nchi kavu juu ya magurudumu na mamia ya watu. Vipande vyote vikaunganishwa huko kusini mwa ziwa, na mwaka 1901 meli ikashushwa majini. Na kabla yake, mwaka 1893, meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann iliunganishwa vivyo hivyo kutoka vipande. Ndiyo iliyokuwa imepandishwa nchi kavu hapa jirani Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ikitengenezwa, hapo Waingereza walipoishambulia tarehe 13 Agosti 1914. Basi ufuko huu umezoea kuona mashine zikilala vipande vipande mchangani. Ndivyo tulivyowajibu, nasi kwa siri tulikuwa na hofu kuliko wao.

Kwa wale wasiojua injini, na tueleze kwa ufupi. Pistoni katika silinda ni kama mchi katika kinu, ila kinu hiki kimefunikwa juu, na mchi umembana pande zote kwa ringi za chuma. Mchi ukishuka huvuta hewa na petroli, ukipanda huvibana, cheche ya plagi huviwasha, navyo humsukuma mchi chini kwa nguvu, ukipanda tena hutoa moshi nje. Ni safari nne, na moja tu katika hizo ndiyo iletayo nguvu. Chini ya pistoni iko shafti iliyopindapinda, igeuzayo mwendo wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka. Shafti hiyo haigusi chuma kitupu, bali huzunguka ndani ya beringi, juu ya utando mwembamba wa oili. Kinu kikipanuka kwa uzee, oili hupanda juu ikaungua, na huo ndio moshi wa buluu. Beringi zikilika, shafti hugonga, na hiyo ndiyo ile ngo, ngo, ngo.

Siku ya kwanza ya likizo tulifunga winchi ya mnyororo kwenye tawi nene la mwembe. Tukatoa rejeta, nyaya, mipira ya maji na bomba la moshi, tukafungua injini kutoka gia boksi, kisha vijana sita wakavuta. Injini ikatoka polepole, ikaning'inia, nasi tukasogeza gari nyuma, tukaishusha juu ya magogo. Mama akatandika turubai la kuanikia usipa, akasema tumrudishie likiwa safi. Jambo hilo hatukuliweza hata leo.

Mzee alitupa sheria moja kabla ya kugusa spana: kila kitu kiandikwe kitokako. Tukachoma matundu katika boksi la karatasi ngumu, tukachomeka humo boliti za hedi kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Pistoni tukazitia alama, 1 hata 4. Vifuniko vya beringi kadhalika, maana kila kifuniko kimechongwa pamoja na mwenzake, hakikubali mwingine. Watoto wetu walichora picha za vipande katika daftari, na picha zao zilitusaidia kuliko kitabu.

Tulipofungua tukauona ugonjwa waziwazi. Juu ya kila silinda palikuwa na ukingo unaokamata ukucha, kwa jinsi ukuta ulivyolika chini yake. Ringi moja imevunjika. Beringi za shafti zimelika hata rangi ya shaba ikaonekana. Tukapakia bloku na shafti katika lori la mazao, tukazipeleka Songea kwenye mashine ya kuchonga. Silinda zikapanuliwa kwa milimita 0.50, na shafti ikapunguzwa kwa milimita 0.25, yaani unene wa nywele tatu au nne za mtu zikilazwa pamoja. Pistoni na beringi mpya za vipimo hivyo tuliziagiza Dar es Salaam. Mbuzi wawili wa mama walikwenda katika safari hiyo wasirudi.

Sasa twafika mahali pa habari yetu.

Shafti imetobolewa ndani vitundu vyembamba, ambavyo oili hupita kwenda kulainisha beringi ya kila pistoni. Mzee alituonya, "Chuma kikitoka kwenye jiwe la kuchongea, kina unga tumboni. Unga ule usipotoka wote, mmenunua beringi za bure." Akagawa kazi: mmoja wetu asafishe bloku, na mmoja asafishe shafti kwa waya, mafuta ya taa na pampu ya baiskeli, mpaka mafuta yatoke kila upande meupe, kwa nguvu.

Yule wa shafti alifanya kazi tangu alasiri. Kitundu cha kwanza, cha pili na cha nne vilitoa mafuta safi. Cha tatu kilitoa matone matone. Akaingiza waya, ukakwama; akapiga pampu, matone yakazidi kidogo. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, mbu wamekuja, mafuta ya taa yamebaki chini ya chupa, na mwenzake amekwisha maliza bloku tangu saa nzima. Ndipo mzee, akiwa amekwisha simama kwenda kwake, akauliza, "Tayari?" Naye akajibu, "Tayari."

Neno moja tu, wasomaji. Halikumchukua hata pumzi moja. Alijiambia kwamba matone nayo ni mafuta, kwamba oili ya gari itasukuma yaliyobaki. Akaifunika shafti kwa gunia, akaenda kunawa.

Tukaanza kufunga. Beringi zikalazwa, zikapakwa oili. Ringi zikavishwa, kila moja ikielekeza mdomo wake upande wa mbali na wa mwenzake. Boliti za hedi zikakazwa kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kila moja kidogo kidogo. Valvu zikapimwa nafasi ya milimita 0.25. Nyaya za plagi tukazipanga kwa utaratibu wa injini ile, ambao si 1, 2, 3, 4 kama watoto wahesabuvyo, bali 1, 3, 4, 2. Mzee alipitisha vidole vyake kila mahali, akaturudisha mara tatu. Lakini tumbo la shafti vidole havilifikii.

Jumamosi moja kabla ya jua kuzama tukatia maji, oili na petroli. Injini ikakohoa mara mbili, ikatema moshi, kisha ikashika, ikanguruma sawasawa. Taa ya oili ikazimika kama ipasavyo. Taa ile hupima nguvu ya oili yote, haiwezi kuona kitundu kimoja kilichoziba. Watu wakaja mbio kutoka ufukoni na nyavu mikononi. Mama akatoka akasimama mlangoni, akaweka kitambaa machoni. Tukaliendesha mpaka shuleni na kurudi. Mzee akasema, "Kilometa 800 za kwanza litembee kama mtu aliyetoka kitandani, bila mzigo, bila mbio." Usiku ule tulikula kwa furaha, ila mmoja wetu hakumaliza chakula chake.

Yapata saa tano ya usiku tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu mmoja. Mkewe alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na muuguzi wa zahanati amesema mtoto amekaa vibaya, lazima afikishwe hospitali Liuli usiku huo huo. "Nimesikia gari limepona," akasema. "Nimekuja kwenu, walimu."

Mmoja wetu alikuwa amekwisha kuchukua ufunguo ukutani. Njia ya Liuli usiku ni mawe, vijito na vilima, na kati ya kijiji na kijiji hapana nyumba. Gari likifa hapo, hapana msaada mpaka asubuhi. Ndipo yule mwingine akasimama mlangoni, akasema, "Ndugu yangu, usiliwashe. Kitundu cha tatu cha shafti sikukisafisha. Nilisema tayari, na haikuwa tayari."

Palikuwa kimya. Twakumbuka sauti ya ziwa, maana ulikuwa wakati wa mwera, na mawimbi yalikuwa yakipiga. Yule jirani alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema kwa uchungu, "Gari limepita mbele ya macho ya watu wote leo. Kama hamtaki, mngesema hamtaki." Hatukuwa na jibu. Mtu aliyesema uongo jana hana fedha ya kununulia imani leo, hata asemapo kweli.

Tukakimbia ufukoni, tukawaamsha wavuvi wenye boti ya injini. Wakatazama mawimbi, wakatikisa vichwa. Lakini walipoona yule mama akibebwa kitandani hawakunena tena. Tukamlaza juu ya nyavu, tukamfunika kwa mablanketi yetu, muuguzi akaingia pamoja naye. Mmoja wetu alikwenda nao. Mmoja alibaki mchangani mpaka taa ya boti ilipopotea. Na upepo ule uliotutisha ndio uliowasukuma, kwa kuwa mwera hutoka kusini, na Liuli ni kaskazini. Walifika kabla ya alfajiri, wamelowa wote. Saa moja ya asubuhi simu ikalia: amezaliwa mtoto wa kike, naye na mama yake wazima.

Jumatatu tukaishusha injini mara ya pili. Watu waliosimama kutazama walikuwa wachache, wala hawakupiga vigelegele. Tulipofungua kifuniko cha tatu, beringi mpya iliyokuwa iking'aa kama kioo ilikuwa imechubuka na kuwa nyeusi upande mmoja. Na katika kitundu tulitoa kwa sindano unga wa kijivu ulioshikamana kama udongo wa mfinyanzi. Mzee akaipapasa beringi ile kwa kidole gumba muda mrefu. Akasema, "Mngefika kilima cha kwanza, labda cha pili."

Tulingoja atukemee. Hakutukemea. Alisema, "Nusu ya kosa ni yangu. Niliuliza mdomo, sikukiuliza chuma. Ningesema, niletee pampu nisikie, wala mtu asingepata nafasi ya kunidanganya."

Maneno hayo hayakutuacha. Sisi ni walimu. Ni mara ngapi tumesimama mbele ya watoto hamsini, tukauliza, "Mmeelewa?" nao wote wakajibu, "Ndiyo, mwalimu," nasi tukafuta ubao tukaenda zetu? Mtoto asemaye ndiyo hali hajaelewa si mwovu. Amechoka, jua limekwenda, wenzake wamekwisha maliza, na swali lenyewe limeulizwa na mtu aliyekwisha simama kuondoka. Twajua sasa jinsi neno lile litokavyo kinywani. Likitoka, huingia mahali ambapo vidole havifiki, likakaa humo mpaka siku ya kilima. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi twaongeza kwamba aulizaye kwa haraka humsaidia mgonjwa kuficha.

Tangu siku ile hatuulizi tena, "Mmeelewa?" Twasema, "Njoo unionyeshe." Kazi huenda polepole zaidi, na mtaala hutukimbiza, lakini tumeona watoto waliokaa miaka mitatu wakisema ndiyo, wakifunguliwa kwa swali moja.

Ikiwa yuko kati yenu atakaye kushusha injini nyumbani, basi ayashike haya: aandike kila kipande kitokako, asiazime kifuniko cha beringi hii kukitia katika ile, asafishe vitundu vya oili mpaka mafuta yaruke, si yadondoke, na kila kazi ya mmoja ikaguliwe na mwingine kwa mikono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hatukuinama vya kutosha.

Tulimpelekea yule jirani beringi iliyoharibika, tukamweleza. Aliigeuzageuza, akairudisha, akasema, "Basi mliniambia kweli." Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikuwa wa kwanza kupakia usipa wake tulipopanda Mbinga. Siku hizi iko barabara ya lami kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, yapata kilometa 66, na magari mapya hupita haraka. Letu lingali linakwenda kwa mwendo wake. Beringi ile tumeiweka mezani darasani, na watoto wakituuliza ni ya nini, twawasimulia.

Tumesema habari yote hii "mmoja wetu", na msomaji ana haki ya kuuliza ni yupi. Ni huyu aliyeshika kalamu.